Kisu Changu Kipo Rugu

Nina kisu cha kumenyea ndizi ambacho hakikai kwangu. Kinakaa Rugu, jikoni kwa mama mmoja ambaye si mama yangu, si shangazi yangu, wala hatuna ukoo kwa upande wowote. Mpini wake umezungushiwa kitambaa cha kanga kuukuu. Kila Jumapili baada ya ibada natoka Rubwera na pikipiki yangu, nafika, nashika kisu changu, namenya ndizi. Wenzangu wa ofisini wamenicheka mpaka wamechoka. Mwanamume mzima, wanasema, mtumishi wa halmashauri, baba wa watoto wanne, unavuka wilaya kwenda kumenya ndizi! Kwetu Wahaya, na kwa Wanyambo vilevile, mwanamume akionekana na kisu cha ndizi watu huuliza kama mkewe anaumwa. Mke wangu haumwi. Yeye ndiye anayenikumbusha nisichelewe.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa domo. Nimezaliwa Muleba, Kyerwa nimeletwa na kazi, na kazini nakaa masjala, chumba cha mafaili, ambako unaweza kumaliza siku nzima ukiongea na makabati. Labda ndiyo sababu nikitoka huko maneno yananimwagika. Harusi, kipaimara, uzinduzi wa choo cha shule, mshereheshaji ni mimi. Nina sauti, nina vichekesho, na nina hasira za karibu. Zinawaka kama majani makavu ya mgomba, vuu, kisha zinazimika na mimi nakuwa wa kwanza kuzisahau. Aliyeungua ndiye anayebaki anakumbuka. Mke wangu husema masikio yangu ni mazima kabisa, tatizo mdomo umekaa mbele yake.

Basi kijana wa jirani yangu, tabibu wa zahanati, akampata binti wa Rugu, na wazee wakaniteua mimi kuwa mshenga. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa asiyejua, kwenda kuposa huku kwetu ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna aliyeandikiwa maneno lakini kila mtu anayajua. Mnafika, mnasimamishwa getini. Mnaulizwa ninyi ni nani na nani kawaita. Kina mama wanawafungia njia kwa mifagio. Mkikaa kabla ya kuambiwa mkae, faini. Mkipiga chafya, faini. Mtu atasimama akufokee kwamba umekuja kuiba, mwingine ataapa kwamba binti haondoki hata mlete ng'ombe wa mkoa mzima, na wote wanafoka huku macho yanacheka. Mshenga mzuri ni yule anayetukanwa akitabasamu. Ni mahali pekee duniani ambapo mtu ananifokea na damu hainipandi.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla hatujapanda gari, kijana alinivuta pembeni. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na jasho limeshaanza kumtoka.

"Mzee wangu, barua ya uhamisho imetoka," akaniambia. "Ni Lindi. Shangazi yake binti hajaambiwa. Nakuomba sana, usiitaje leo. Mwenzangu anataka kumwambia mwenyewe, taratibu."

Nikampiga bega. "Ondoa shaka, mwanangu. Uko na mimi."

Hapo inabidi nieleze habari za huyo shangazi, kwa sababu jambo lote linamhusu yeye. Wazazi wa binti walikuwa wafanyabiashara Bukoba mjini. Mtoto alipofikisha miaka minne wakampeleka Rugu kwa dada yake baba, likizo ya mwezi mmoja. Likizo ile haikuisha. Akasoma hapo, akakua hapo, akawa mwalimu wa chekechea hapo hapo. Shangazi hakujaliwa mtoto na mumewe alishafariki zamani. Baadaye wazazi walirudi, wakajenga nyumba kubwa mbele ya kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka makazi yao, lakini binti aliendelea kulala kwenye nyumba ndogo ya nyuma kwa shangazi yake. Watu wa pale walishazoea. Ukimtaka mmoja, unaita jina la mwingine.

Tukafika. Mambo yakaenda kama yanavyopaswa kwenda. Tulisimamishwa juani mpaka mzee mmoja wa upande wetu akaomba kiti, akapigwa faini ya kreti ya soda. Tukaingia sebuleni. Baba wa binti alikaa mbele na msemaji wao, na shangazi alikaa karibu na mlango wa ndani, mama mrefu mwembamba, kitenge kimenyooka, mikono juu ya magoti. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanitazama kuanzia viatuni.

"Huyu ndiye mshenga? Mbona viatu vina vumbi? Mmetembea kwa miguu kutoka huko kwenu?"

"Shangazi, tulikuwa na gari, lakini uzuri wa binti yenu ulituvuta tukashuka tukakimbia!"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, nakumbuka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikajiambia, huyu ni saizi yangu. Tukapambana hivyo karibu saa nzima, yeye ananichoma, mimi najibu, na kila jibu langu lilipigiwa vigelegele. Jamani, nilinoga! Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ile, koti wazi, najiona bonge la mtu. Na hapo ndipo mdomo uliponitangulia.

Msemaji wao aliuliza, "Kijana wenu ana nini cha kumpa binti yetu?"

"Ana nini?" nikapaza sauti. "Kijana wetu si wa kukaa hapa akihesabu mikungu ya ndizi! Serikali imemwona! Mwezi ujao anahamia Lindi, kule baharini, na binti yenu atakula samaki mpaka asahau ndizi inafananaje!"

Upande wetu wakalipuka kwa makofi. Nikamwona kijana ameinamisha kichwa, nikadhani ni aibu za bwana harusi. Nikamwona shangazi anasimama, nikajua sasa linakuja jibu tamu.

"Huyu mtoto haendi," akasema.

Weee! Vigelegele hivyo! Maana hayo ndiyo maneno yenyewe ya mchezo, yanasemwa kwenye kila posa kuanzia Kaisho mpaka Karagwe yote. Upande wao wakapiga meza. Mimi nikainama kama mtu anayesalimu amri, nikasema, "Shangazi, basi na sisi hatuondoki! Tutakaa hapa tule ndizi zako mpaka kibanja kibaki na majani!"

Kicheko tena. Akasema mara ya pili, na safari hii alisema kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini. Haendi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama mmoja jirani yangu akanong'ona, "Ona huyo, mpaka machozi kayatoa!" Shangazi akakusanya kitenge chake, akapita mlango wa ndani, akatoka. Na sisi tukampigia makofi. Nalisema wazi kwa sababu linaniuma mpaka leo. Sebule nzima ilimpigia makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote nilikuwa mimi.

Mazungumzo yakaendelea, yakakubaliwa. Ikabaki kahawa. Pale kwao neno halijafungwa mpaka wageni wapewe kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, akamwani kama tunavyoziita. Huletwa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, na anayekileta ni mwanamke aliyemlea binti. Mkishatafuna, ndiyo imekuwa ndiyo. Kabla ya hapo hata mkiwa mmeelewana vipi, bado ninyi ni wapita njia.

Msemaji akaita, "Shangazi, wageni wana kiu ya kahawa!"

Kimya. Tukaimba. Kimya. Upande wetu tukapeleka sukari mlango wa nyuma, kwa utani, kumbembeleza. Sukari ikapokewa na watoto. Tukapeleka kitenge kizuri tulichokuwa tumemwekea. Kitenge kikarudi kimekunjwa vilevile. Watu wakacheka, wakasema huyu shangazi anaijua kazi yake, mwongezeeni. Muda ukaenda. Chakula kikaanza kupoa huko nje. Mzee wetu mmoja akasinzia. Kijana alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, mara moja, mara mbili, na mimi sasa uzalendo ukaanza kunishinda. Nikaona wanatuzidishia. Utani una mwisho wake, bwana! Tuna safari ndefu, njia ni ya vumbi, na mtu mmoja amejifungia anataka kubembelezwa kama mtoto. Damu ikaanza kupanda.

"Namfuata mwenyewe," nikasema.

Mke wangu alikuwa ameketi nyuma yangu. Akanishika mkia wa koti. "Ukienda," akaninong'oneza, "nenda na masikio."

Nikazunguka nyumba kubwa, nikapita katikati ya migomba. Mlango wa jiko lake ulikuwa wazi. Njiani nilikuwa nimeshatunga maneno, nusu kichekesho, nusu kipigo, na nikafungua mdomo niyatoe. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi.

Sasa fikiria. Siku hiyo pale kwao palikuwa na chakula cha kutosha kata nzima. Masufuria yalikuwa yamepangwa nje, ndizi na maharage, ndizi na nyama, wali wa wageni wa mjini. Hakuna aliyehitaji hata ndizi moja zaidi. Na yeye alikuwa amekaa na kitenge chake cha sherehe, mkungu mzima pembeni, anamenya na kudondosha kwenye jani la mgomba, anamenya na kudondosha. Nilisimama pale mlangoni kama niliyetumwa nikasahau nilichotumwa.

"Shangazi," nikasema mwishowe, "hizo atakula nani?"

"Mimi."

"Zote?"

Hakunitazama. "Mkono umezoea kumenya za wawili. Siku zote tunamenya wawili. Yeye anakaa hapo uliposimama, mimi hapa. Tangu alipokuwa na miaka minne, kisu nilimpa cha mti. Yote aliyoniambia maishani aliniambia hapo. Shule aliyofeli, aliniambia hapo. Huyu kijana wenu, aliniambia hapo. Hatutazamani, tunatazama ndizi, na mdomo unafunguka wenyewe."

Nikajitia kumfariji. Ndiyo tabia yetu watu wa domo, tukiona jeraha tunalimwagia maneno. "Lakini shangazi, siku hizi dunia ni ndogo. Lindi si mbali hivyo. Kuna simu. Mtaongea kila siku."

"Simu inamenya ndizi?"

Nikavuta kigoda cha pili, nikaketi, nikachukua kisu kilichokuwa kimelala pale juu ya jani. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani niliona aibu kumtazama usoni na nilihitaji kitu cha kutazama. Nikashika ndizi, nikaanza kumenya.

Mama yangu! Nilikuwa sijawahi kumenya ndizi mbichi maishani mwangu. Ganda halitoki, linakatika vipande. Utomvu ukaniganda vidoleni, ukarukia shati jeupe. Kisu kikateleza kikanikata kidole gumba. Nikaguna. Alisimamisha mkono, akaitazama ile ndizi yangu kwa muda.

"Umeimenya au umeichonga?"

"Nimejitahidi, shangazi."

"Mkono wa ofisini huo." Na akacheka, kicheko kidogo kikavu, huku shavu bado limelowa. Akachana pindo la kanga iliyokuwa begani kwake, akanifunga kidole. Kisha akauliza, akiwa bado ameshika mkono wangu, "Ulijua habari za Lindi kabla ya leo?"

"Nilijua asubuhi. Niliambiwa nisiseme. Nikasema kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi. Nisamehe, shangazi, mimi ni mpumbavu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na jambo lililo wazi. "Na mtoto mwenyewe anajua?"

"Anajua. Alikuwa anatafuta namna ya kukuambia."

Akaachia mkono wangu, akashika tena kisu chake. "Wiki mbili sasa anakaa hapo, anamenya, haongei," akasema. "Namuuliza, ananijibu ndiyo, hapana. Nikadhani amenichoka. Nikasema, ameshapata wake, mimi wa nini tena. Nilikuwa namenya haraka haraka nimalize, nisimkere."

Loo. Binti alinyamaza kwa sababu kila alipofungua mdomo aliogopa kulia, na shangazi akausikia ukimya ule kama kuchokwa. Na kwa sababu alijiona amechokwa, akaharakisha kuondoka jikoni, na binti naye bila shaka akadhani shangazi ameshakasirika. Wiki mbili, kigoda kwa kigoda, goti kwa goti! Na kule sebuleni watu mia tulikuwa tunamngoja mwigizaji arudi jukwaani.

Nikatoka. Kwa desturi bibi harusi mtarajiwa huwa amefichwa chumbani siku hiyo, haonekani mpaka kahawa itafunwe. Nikamwita mke wangu kwa dirisha, nikamwambia amtoe binti kwa mlango wa nyuma ampeleke jikoni kwa shangazi. Mke wangu hakuuliza hata swali moja, na hilo lilinitisha kuliko kila kitu. Baada ya dakika chache nikamwona binti anapita kati ya migomba, gauni limekusanywa mkononi, ushungi wa dhahabu kichwani, miguu mitupu, anakimbia. Sikukaa kusikiliza. Nilisikia tu sauti yake ikiita "Shangazi" mlangoni, kisha nikasikia kigoda kinavutwa.

Kazi yangu sasa ilikuwa kuwazuia watu wasitoke nje, na kwa hilo, jamani, nilizaliwa. Nikarudi sebuleni na shati lenye utomvu na kidole kimefungwa kanga. Nikawaambia shangazi anachagua buni moja moja kwa sababu amegundua mshenga ana meno mabovu. Nikawaeleza jinsi nilivyopigana naye kwa visu nikashindwa, nikawaonyesha kidole. Nikaimba. Nikamwigiza mzee wetu aliyesinzia. Nilipiga porojo mpaka sauti ikakauka, na kijana peke yake ndiye aliyekuwa hacheki, anakitazama kidole changu. Nikampita karibu, nikamwinamia. "Wanamenya," nikamwambia. Akavuta pumzi, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Shangazi aliingia na kikapu mkononi. Uso ameukaza, macho mekundu, vidole vyeusi kwa utomvu. Chumba kikashangilia. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Kahawa mtakula," akasema. "Ila nina faini moja. Huyu mshenga ndiye aliyeitaja Lindi. Basi mtoto wangu akiondoka, yeye atakuja kushika nafasi yake. Kila Jumapili, hapa, anamenya."

Watu walianguka kwa kicheko. Msemaji wao alijifuta machozi. Baba wa binti alicheka mpaka akakohoa. Shangazi mwenyewe hakucheka hata kidogo, na mimi nikasema moyoni, huyu mama ni msanii wa kweli! Nikapiga magoti mbele yake katikati ya vigelegele.

"Nimekubali, shangazi! Hata sikukuu nitakuja!"

Akanifungulia kikapu. Nikachukua buni mbili, nikatafuna, na neno likafungwa.

Harusi ikafanyika, ikanoga, nikaisherehesha. Baada ya wiki mbili maharusi wakaondoka kwenda Lindi. Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani, nikala, nikalala usingizi wa mchana kama kawaida yangu. Jumapili ya pili nikaenda kuangalia mpira. Jumanne nikiwa masjala simu ikaita, na alikuwa binti.

"Shikamoo, baba mshenga."

"Marahaba, mama wa baharini! Samaki wanasemaje?"

"Samaki wapo. Baba, samahani. Wewe unaumwa?"

"Mimi? Mzima kama chuma. Kwa nini?"

"Shangazi ameniomba nikuulize, ila nisiseme ametuma yeye. Anasema Jumapili mbili hujafika. Anadhani labda kile kidole kimekuletea shida, au amekuudhi."

Nikikosea, huwa naanza kwa kukasirika. Ni ugonjwa. Hapo hapo damu ikapanda, nikasema kwa sauti mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia, "Lakini mwanangu, si ulikuwa utani ule? Watu wote walicheka!"

"Ni kweli, baba," akasema polepole. "Hata mimi nilicheka nikiwa dirishani. Lakini yeye hakucheka."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya kuaga. Mara ya kwanza ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Lakini mara ya pili? Nilikuwa nimekaa naye jikoni! Nilimwona, nikamsikia, nikafungwa kidole kwa kanga yake, nikatoka pale kama mtu aliyeokoka. Halafu nikarudi kwenye makofi, na makofi yakaniziba masikio yale yale. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani kuingia ndani ya kabati la mafaili nijifungie.

Sasa nimeshazoea njia ya Rugu, na ndizi zangu zina sura ya ndizi. Siku hizi binti hupiga simu ya picha saa ileile. Tunaiegemeza simu kwenye sufuria, na yeye kule Lindi anakuwa na bakuli la muhogo magotini, anamenya. Shangazi alikubali, baada ya ubishi mkubwa, kwamba simu inaweza kumenya kidogo. Nimemweleza mambo yangu mengi nikiwa nimeinamia jani lile la mgomba, mengine hata mke wangu nilikuwa sijamwambia, na nikirudi nyumbani namwambia. Lakini Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kwanza.

Nilifika mchana, pikipiki imejaa vumbi, na hotuba ya kuomba radhi nimeikariri njia nzima. Jiko lilikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Kigoda cha pili kilikuwa mahali pake, na mbele yake jani limetandikwa, na juu ya jani visu viwili. Kimoja mpini wake ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha kanga, kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka, kimekazwa kwa uzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona. Shangazi, kwanza kabisa, nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Kaa."

Nikakaa. Akanisogezea kile kisu chenye kitambaa.

"Hicho ni chako," akasema. "Utomvu unateleza, ndiyo maana ulijikata. Nilikifunga Jumamosi ile waliyoondoka, nikijua kesho yake unakuja."

Hotuba yangu yote nikaimeza. Nikachukua ndizi ya kwanza, nikaitazama hiyo ndizi, nikamenya, na kwa mara ya kwanza tangu nijitambue nikakaa kimya mpaka mtu mwingine alipoanza kuongea.